Kaseti Zenye Jicho

Bi Risiti aliliweka boksi la viatu juu ya meza ya Fundi, akavuta kiti, akakaa, ndipo akakumbuka kwamba hajasalimia.

"Habari ya kazi, Fundi."

"Njema, mama. Karibu. Leo umeniletea viatu?"

"Ningekuwa na viatu ningekwenda kwa mshona viatu. Fungua."

Meza ya Fundi ilikuwa ya nne katika ujia mrefu chini ya jengo la zamani, mahali ambapo taa huwaka kutwa kwa sababu jua halijawahi kufika. Mafundi wa simu na redio walikuwa kumi na wawili, wanaume kumi na mmoja na yeye. Lakini ukisema "Fundi" bila kuongeza neno, watu walikuonyesha meza ya nne. Bi Risiti alikuwa mjane wa mwenye duka la vifaa vya michezo, na jina hilo alilipata kwa haki, maana hakununua hata kiberiti bila kudai karatasi.

Ndani ya boksi mlikuwa na gemu moja ya mkononi, ya kizamani, na kaseti zake kumi na mbili. Kaseti zote zilikuwa za aina moja. Kila moja ilikuwa na kidirisha cha plastiki juu yake, kidogo kama punje ya mtama.

"Marehemu aliziagiza, zikamdodea," Bi Risiti alieleza. "Nani angemnunulia mtoto gemu isiyochezeka chumbani? Ndani yake kuna mkulima, ana mbegu zake. Mbegu hazioti mpaka uitoe gemu nje, jua lenyewe, hili la Mungu, liipige kaseti. Hapo kidirishani kuna jicho linaloliona jua. Sasa nimepata mtu, yuko mbali, anakusanya vitu vya zamani. Anazitaka zote. Ila ameniuliza swali, nimekosa jibu. Anasema amesikia macho haya yanazeeka. Miaka ishirini yamekaa gizani. Je, yanazeeka?"

Fundi aliichukua moja, akaigeuza chini ya taa.

"Sijui," akasema.

Bi Risiti akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Watatu niliowauliza kabla yako walijua wote, na kila mmoja alijua lake."

"Lazima zipimwe. Juani, saa ileile, siku tatu mfululizo, maana siku moja wingu linaweza kutudanganya. Kwenye kona ya kioo cha gemu kuna vijiti vinane. Jua likiwa kali na jicho likiwa zima, vinajaa. Nitakupa karatasi yenye vipimo vyote."

"Na sahihi."

"Na sahihi, mama."

*

Nyumbani kwa Fundi kulikuwa na vyumba viwili, na ndani yake mume ambaye hakuwa ametoka nje kwa miezi mitano.

Watu walimwita Stoo. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mtunza stoo ya dawa katika hospitali, mtu wa rula na kalamu ya wino mweusi. Siku moja maboksi ya dawa za sindano yalikosekana kwenye hesabu, ikasemwa kwamba anaandika visivyokuwepo. Askari walimchukua wakati wa chai, wakamtoa kwa lango kubwa, mikono mbele, wagonjwa na ndugu zao wakitazama. Wiki tisa baadaye maboksi yalionekana katika jengo la pili, nyuma ya vitanda vibovu, mahali alipoyaweka mtu mwingine kabisa. Hospitali ilimwandikia barua ya mistari mitatu kwamba haina shaka naye, na kwamba arudi kazini akiwa tayari.

"Waliponichukua walikuwa umati," alimwambia mkewe siku ile barua ilipofika. "Jina langu wamenirudishia kwa bahasha."

Tangu hapo alikuwa akiamka mapema, ananyoa ndevu, anapiga shati pasi, kisha anakaa. Hakuwa mgonjwa wala mkali. Mama yake alikuja kumtazama kwa wiki moja, na huu ulikuwa mwezi wake wa nne. Majirani wakiuliza, Fundi alijibu kwamba mume wake anapumzika. Neno hilo lilikuwa limeshachakaa mdomoni mwake.

Jioni ile alimwekea boksi mapajani.

"Nina kazi imenishinda."

"Imekushinda wewe?"

"Inataka mtu wa kuandika. Na inataka jua, nami kule kwangu sina."

Alipomaliza kumweleza, Stoo alikuwa tayari ameshachukua karatasi ngumu na rula. Alichora mistari. Juu akaandika: namba ya kaseti, tarehe, saa, mahali, vijiti.

"Uani, saa sita juu ya alama," Fundi akasema. "Dakika mbili kila moja."

Kalamu ikasimama. Ua lao walilitumia familia sita, na bomba la maji lilikuwa katikati yake.

"Uani," akarudia.

"Ndiko kuliko na jua."

"Sawa."

Mama mkwe, aliyekuwa akipepeta mchele karibu na mlango, alimtazama mwanawe, akautazama mchele, akaendelea kupepeta.

*

Siku ya kwanza Fundi alirudi kabla ya wakati wake. Hakuvua hata viatu.

"Haya, niambie. Jua lilikuwaje?"

Stoo alikuwa ameketi na karatasi mbele yake. Aliuangalia uso wa mkewe kwa muda.

"Lilikuwa kali," akasema.

Fundi akacheka peke yake, akaenda jikoni akiimba wimbo usio na maneno. Siku ya pili akaimba tena. Siku ya tatu karatasi ilikuwa imejaa, safu thelathini na sita, mwandiko umesimama kama askari kwenye gwaride. Kila safu, chini ya neno "mahali", iliandikwa "uani". Na kila safu ilikuwa na vijiti viwili, au vitatu, au viwili. Chini kabisa: *Macho yote yamefifia.*

Kama karatasi hiyo ingeandikwa na mtu mwingine, Fundi angekunja uso. Vitu kumi na viwili havizeeki kwa mwendo mmoja kama watoto wa darasa moja. Kuna kinachowahi na kinachochelewa. Lakini hakuzitazama tarakimu. Alichokiona ni lile neno "uani", mara thelathini na sita, akawa kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameomba uji.

"Ulikaa nje siku zote tatu?"

"Si nimeandika."

Mama mkwe alikohoa, akaomba maji.

*

Bi Risiti aliisoma karatasi kuanzia juu hadi chini, akafuatisha kila safu kwa kidole.

"Mwandiko mzuri," akasema. "Kwa hiyo yamekufa."

"Hayajafa, yamefifia. Pole, mama."

"Huyo mtu nimwambie ni takataka?"

"Mwambie ukweli."

Bi Risiti alikuwa mtu wa kujionea. Aliichukua kaseti ya juu, akaisukuma ndani ya gemu, akainuka na boksi kwapani, akatembea ujia mzima mpaka mwisho, palipo na ngazi za kutokea barabarani. Fundi akamfuata na karatasi mkononi. Mafundi wawili wasio na wateja wakawafuata pia, maana asubuhi ilikuwa ndefu.

Juu ya ngazi jua lilikuwa limemwagika. Bi Risiti aliinua gemu, akaiinamisha kidogo. Kwenye kona ya kioo vijiti vilianza kupanda: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Havikusimama hapo. Saba.

Bi Risiti akabadilisha kaseti. Saba. Akabadilisha tena. Nane.

"Fundi," akasema kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Hizi mlizipimia wapi? Mtungini?"

"Mama, sijui nikuambie nini."

"Mimi nilikuwa karibu kushika kalamu nimwandikie yule mtu."

Mmoja wa wale mafundi aliichungulia karatasi. "Huu mwandiko si wa Fundi," akasema. "Si wa yule shemeji yetu wa stoo? Yule wa makaratasi?"

Mwenzake akacheka kwa pua. Kilikuwa kicheko kidogo, hakikuzidi kupiga chafya, lakini Fundi alikihisi mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Kazi ililetwa kwangu," akasema. "Kosa ni langu. Nipe siku tatu nyingine, mama. Nikikosea tena, usinisalimie."

Bi Risiti alizirudisha kaseti boksini moja moja. "Siku tatu," akasema, akampa boksi.

*

Fundi alifunika meza yake akaenda nyumbani jua likiwa bado juu. Alimkuta Stoo amelala kidogo, na mama mkwe ameketi. Hakumwamsha mtu. Alikwenda kwenye dirisha la chumba cha mbele, lile lenye kioo kisichofunguka na pazia lisilofunuliwa, akaingiza mkono nyuma ya pazia, akaiegemeza gemu kwenye kioo. Akasubiri. Vijiti viwili.

Akatoka uani, akasimama karibu na bomba. Vijiti saba. Kaseti ileile.

Sasa alielewa, na akiwa fundi alikuwa na kila sababu ya kujilaumu. Kile kioo kinapitisha mwanga wa kusomea, lakini ule mwali ambao jicho la kaseti linautafuta, kinauzuia. Mtu anaweza kukaa nyuma yake mwaka mzima akaapa kwamba jua limeisha nguvu.

Aliporudi ndani alichuchumaa mbele ya mama mkwe.

"Mama, zile siku tatu alitoka?"

"Mwanangu, macho yangu haya ya kizee—"

"Mama."

Mama mkwe akaunyoosha ukingo wa kanga yake. "Hakutoka. Niliona, nikanyamaza. Wewe ulikuwa unaimba. Nikasema, nyumba hii haijasikia mtu akiimba siku nyingi, mimi nani niizime."

"Usimsumbue mama," Stoo alisema. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani. "Niulize mimi."

Fundi akainuka. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima, makali, na sasa hakuyaona yalipo.

"Bi Risiti alizitoa barabarani," akasema. "Zikapanda mpaka saba, mpaka nane. Mbele ya watu. Wakautambua mwandiko wako."

Stoo akaketi.

"Ungeandika 'dirishani'," Fundi akaendelea. "Neno moja tu. Ningeelewa kila kitu. Ningejua ni kioo, nisingempelekea mtu karatasi ile. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kuandika ni kuandika ulichokiona."

"Siku ya kwanza nilifika mlangoni," Stoo alisema. "Nimevaa viatu, boksi mkononi. Nikashika kitasa. Nikasikia watu bombani wanacheka, wala si mimi wanayemcheka, najua, lakini mkono ukakataa. Nikapimia dirishani. Sehemu ya mahali nikaiacha wazi. Nilisema ukija nitakuambia." Akamgeukia mkewe. "Ukaingia. Hukuvua hata viatu. Ukaniuliza jua lilikuwaje. Uso ule sikuwa nimeuona tangu waliponichukua. Nikashindwa kuuzima. Ulipokwenda jikoni nikaandika 'uani'."

"Kwa ajili yangu."

"Usilipambe. Niliandika kwa sababu nilikuwa mwoga."

Mama mkwe aliinuka, akaenda jikoni.

"Watu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja," Stoo alisema, akiangalia mikono yake. "Walisema naandika visivyokuwepo. Miaka kumi na saba halikuwepo. Sasa limekuja, na nimelileta mwenyewe."

Fundi alikaa kando yake. Hakumshika bega wala hakumwambia kwamba si kitu, maana kilikuwa kitu, na wote wawili walijua.

"Kesho sifungui meza," akasema baadaye. "Nitapima mwenyewe."

Stoo alichukua karatasi nyingine ngumu, akavuta rula.

*

Kesho yake, dakika kumi kabla ya saa sita, Fundi alitoa kigoda akakiweka uani. Wanawake watatu walikuwa bombani. Mmoja wao alikuwa jirani wa mlango wa tatu, anayeitwa Redio kwa sababu habari ikiingia kwake haikai, inarushwa. Fundi aligeuka kwenda kuchukua boksi, akakuta boksi linakuja.

Stoo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alivuka kizingiti akitazama chini, kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba, akaenda mpaka kwenye kigoda akakaa. Jua lilimpiga usoni akafumba macho. Alikuwa amepauka kuliko Fundi alivyodhani.

Bombani maneno yalikatika. Ndoo ya mtu ilijaa, ikafurika, hakuna aliyeiondoa. Mwanamke mmoja aliinua ndoo yake isiyojaa akaingia ndani bila kuangalia nyuma. Stoo aliona. Fundi aliona kwamba ameona. Lakini vidole vyake vilishaanza kuingiza kaseti ya kwanza, naye akaangalia saa, akasubiri dakika zake mbili, akaandika.

Redio alivumilia mpaka kaseti ya tatu.

"Shemeji, za siku?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Tupo. Unacheza gemu?"

"Napima kama haya macho yamezeeka."

"Yangu yamezeeka, hayahitaji kipimo." Akasogea karibu, akijifuta mikono. Kisha akauliza lile ambalo ua zima lilikuwa limelimeza kwa miezi mitano, na aliliuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Hivi zile dawa zilikuwaje?"

Fundi alifungua mdomo. Stoo akamtangulia.

"Zilikuwa jengo la pili. Nyuma ya vitanda vibovu."

"Nyuma ya vitanda!"

"Mtu aliziweka huko, akasahau kuandika."

"Kwa hiyo hukuchukua?"

"Sikuchukua."

"Na wao wanajua?"

"Wanajua. Waliniandikia barua."

Redio alimtazama kwa hasira ya kweli, mikono kiunoni. "Barua! Sasa barua sisi tutaisomea wapi, shemeji? Walikuchukua mchana kweupe, wakakurudisha kwa barua, na wewe ukakaa nayo ndani? Sisi tungejuaje? Mkeo ukimuuliza, 'anapumzika, anapumzika'. Tukasema basi, mtu anayepumzika hivyo ana lake." Akageuka akapaza sauti kuelekea milango yote sita. "Jamani! Zile dawa zilikuwa nyuma ya vitanda!"

Mlango wa tano ukafunguka. "Vitanda gani?"

"Vibovu! Njoo usikie!"

Saa sita na nusu Stoo alikuwa ameshasimulia mara tatu, akikatizwa kila mara na Redio aliyekuwa anaisimulia vizuri zaidi. Katikati ya masimulizi aliomba radhi, akaangalia saa, akabadilisha kaseti, akaandika. Mama mkwe alileta kiti chake akakaa mlangoni, akapokea pole za watu kama mwenye msiba uliokwisha. Yule mwanamke aliyeingia ndani na ndoo hakutoka siku ile, wala ya pili.

Kwa siku tatu vipimo vilikuwa vilevile. Kaseti kumi na moja zilifika vijiti saba au vinane. Moja, namba tisa, haikupita vinne. Fundi aliifungua, akasafisha kidirisha chake kwa pamba, ikafika vitano, ikagoma hapo. Stoo aliandika chini ya karatasi ya pili: *Zote zina umri mmoja na zilikaa boksi moja. Kumi na moja zinaona vizuri. Umri peke yake haujaziharibu. Namba tisa ni dhaifu, sababu haijulikani.*

"Hapo umesema vizuri," Fundi akamwambia. "Haijulikani ni neno zuri." Akaichukua karatasi ya kwanza, akaikunja mara mbili, akaishika tayari kuichana.

"Iache."

"Ya nini tena? Bi Risiti anataka hii mpya."

"Kule stoo hatuchani karatasi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa lisomeke, unaandika lililo sahihi juu yake, unaweka saini yako."

Akaikunjua, akailainisha kwa kiganja, akavuta rula. Kwenye kila "uani" alipiga mstari mmoja mwembamba, na juu yake akaandika "dirishani, nyuma ya kioo". Mara thelathini na sita. Kila mara akaweka saini. Ilimchukua mpaka alasiri, na hakuharakisha hata moja.

*

Kulipokucha walikwenda pamoja. Vichwa viliinuka ujiani walipopita, kisha kazi ikaendelea. Bi Risiti alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti cha wateja.

"Huyu ni nani?"

"Mimi ndiye niliyepima, mama," Stoo alisema, kwa sauti iliyofika mpaka meza ya sita. "Mara zote mbili. Mke wangu hakukosea kitu."

Bi Risiti alipokea karatasi zote mbili. Akasoma ya pili. Akasoma ya kwanza, kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Kwa nini uliandika uani?"

"Nilikuwa naogopa kutoka nje."

Yule fundi wa kicheko cha pua alijifanya anatafuta kitu chini ya meza. Bi Risiti alimtazama Stoo kama alivyoitazama karatasi, kuanzia juu hadi chini.

"Zote mbili nazichukua," akasema hatimaye. "Huyo mtu akiziweka dirishani kwake, ataniandikia kwamba nimemwibia. Sasa jibu ninalo, tena na saini." Akazikunja pamoja, akaziweka mkobani. "Namba tisa nitamwambia ni mbovu. Atakayenunua anunue akijua."

Alipoondoka, Fundi aliwasha taa ya meza. Kulikuwa na simu iliyofunguliwa inayomsubiri, na skrubu zake kwenye kisosi. Stoo alisimama kidogo, akiziangalia meza za watu, waya, masanduku ya vipuri yasiyo na lebo. Akavuta pumzi kama mtu aliyetaka kutoa maoni juu ya masanduku hayo, akaghairi.

"Mimi naenda," akasema.

"Njia unaikumbuka?"

"Nitapita ile ya lango kubwa la hospitali."

Fundi alikuwa na bisibisi mkononi. Ile haikuwa njia ya mkato.

"Nikichelewa," Stoo akasema, akijinyoosha shati, "mwambie mama ale, asinisubiri."

Akatembea ujia mzima mpaka kwenye ngazi, akapanda. Fundi hakumwuliza atachelewa wapi.